Mstari wa Kunduchi: kuifuata mikoko kutoka baharini hadi nchi kavu

Jumapili jioni

Bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, limeingia. Mwezi umeandama juzi, na jedwali la maji nililobandika kwenye mlango wa maabara linaonesha kwamba kesho bahari itapwa kabisa saa nne na robo asubuhi. Kwa pwani yetu ya Dar es Salaam ndivyo ilivyo: bamvua likikomaa, maji hukauka mida ya saa nne na kujaa mida ya saa kumi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku saa ya kupwa inasogea mbele kwa dakika arobaini, hamsini hivi. Tukichelewa tutakutana na maji mafu, na hapo bahari hairudi nyuma ya kutosha mtu kufika kwenye mizizi ya mlilana, aina ya mkoko inayoota mbele kabisa baharini. Kwa hiyo kazi itaanzia baharini na kuishia nchi kavu, ingawa mwenzangu wa Jiografia alitaka tuanzie upande wa barabara kwa sababu ndiko tunakoshukia.

Wanafunzi ni wa kidato cha sita, mchanganyiko wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Swali lao ni moja: kwa nini mikoko haikuchanganyikana hovyo, kila aina ikawa na mtaa wake? Wameshalijibu kabla hawajatoka darasani. "Ni chumvi, mwalimu." Sawa. Tutaona.

Vifaa vimepangwa kwenye madumu yaliyokatwa juu: kamba ya manila yenye fundo kila mita 10, fremu ya mita moja kwa mita moja tuliyoiunga kwa bomba za PVC, futikamba, vipimajoto vya udongo, karatasi za kupimia pH, chupa za plastiki zenye mifuniko, koleo dogo, na rifraktomita, kile kidude cha kuchungulia ambacho kwa tone moja la maji kinakuonesha chumvi ni sehemu ngapi kwa elfu. Kibali kipo. Mikoko ni msitu wa hifadhi, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na hata kama hukati tawi ni vizuri watu wa serikali ya mtaa wajue kuna kundi la vijana wenye kamba na fremu linalozunguka huko ndani.

Jumatatu

Tumeshuka Mtongani, tukapanda bajaji hadi karibu na soko la samaki. Kuhusu viatu nilikuwa nimesema mapema: gambuti haifai. Ikizama kwenye tope la mikoko mguu unatoka, kiatu kinabaki. Raba kuukuu iliyofungwa kamba hadi kwenye kifundo ndiyo inayofaa. Waliokuja na gambuti walilijua hilo kabla ya saa tano.

Mstari tumeuanzisha pale mlilana wa mwisho unapokutana na maji, tukauelekeza moja kwa moja nchi kavu, ukikata pwani kwa pembe ya mraba. Hili ni la msingi. Ukilaza mstari sambamba na bahari unatembea ndani ya mtaa mmoja tu, na utarudi nyumbani na daftari lililojaa mlilana. Tunachofuata ni mabadiliko, kwa hiyo mstari lazima upite njia ileile ambayo mabadiliko yanapita.

Mlilana ni mti wa kujionea. Umesimama kwenye mchanga uliochanganyika na tope laini, na kuuzunguka kumechomoza mizizi ya kupumulia, minene chini, myembamba juu, mingine inafika gotini. Udongo hapa hauna hewa. Chimba kiganja kimoja tu unakutana na tope jeusi linalonuka mayai viza, ile gesi ya salfa. Mzizi wa kawaida ungekosa pumzi.

Kupima chumvi kuna namna yake. Ukichota maji ya dimbwi lililoachwa na bahari umepima bahari. Mti unakunywa maji yaliyo ndani ya udongo, kwa hiyo unachimba shimo la sentimita 30 hivi, unasubiri maji yachuje taratibu kutoka kwenye kuta, unayatoa na kuyatupa, unasubiri tena, ndipo unachukua tone. Vijana hawapendi kusubiri. Lakini mashimo ya leo yametoa jibu lililofanana karibu mno na bahari yenyewe, 35 na kidogo, na hilo lina maana: hapa maji yanaingia na kutoka kila siku, chumvi haipati nafasi ya kurundikana.

Mzee mmoja alikuwa anakagua mtumbwi uliolazwa ubavu. Tukamsalimia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta kaa?"

"Hapana, babu, tunapima miti."

Akacheka. Alituambia mlilana ndio wa mataruma, zile mbavu za chombo, kwa sababu matawi yake yameshajipinda yenyewe na fundi hana haja ya kukunja mbao. Kisha akaonesha kwa kidevu upande wa nchi kavu: "Na mchu mtaukuta hapa karibu, halafu mtaupoteza, halafu mtaukuta tena kule juu umekuwa mfupi." Binti anayeshika daftari aliandika. Mimi nilinyamaza makusudi, nisije nikawaharibia.

Mchu tuliukuta kweli, nyuma ya mlilana, mirefu, na mizizi yake myembamba imesimama wima mamia kwa mamia. Kisha maji yakaanza kurudi tukatoka.

Jumanne

Leo ilikuwa siku ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya miguu mingi, na ilikuwa siku ya ugomvi.

Ugomvi wa kwanza: fremu iwekwe wapi? Katika kila fundo la mita 10 tunapima eneo la mita 10 kwa 10 kwa miti mikubwa, na ndani yake tunaweka fremu ndogo mara kadhaa kuhesabu miche. Ukimwachia mwanafunzi achague pa kuiweka, ataiweka palipo na miche mingi, kwa sababu palipo patupu panaonekana hapana kazi. Au ataiweka anapoweza kusimama bila kuzama. Vyote viwili vinaharibu hesabu. Tumeandika namba kwenye vipande vya karatasi, tukavitia kwenye kofia: unachomoa viwili, kimoja ni hatua kufuata mstari, kingine ni hatua kutoka kwenye mstari. Namba ikikupeleka katikati ya mizizi ya mkoko, unakwenda. Mmoja aliangukiwa na nafasi iliyokuwa dimbwi tupu akasema, "Mwalimu, hapa hamna kitu." Andika sifuri. Sifuri ni data. Nililirudia neno hilo leo mpaka likaanza kuniudhi mimi mwenyewe.

Fremu hizi si mpya. Mwishoni mwa karne ya 19 Roscoe Pound na Frederic Clements walikuwa wakihesabu mimea ya mbuga za Nebraska, Marekani, na wakagundua kwamba makadirio ya macho, hata ya mtaalamu, yanadanganya vibaya ukilinganisha na kuhesabu shina kwa shina ndani ya mraba. Mbugani, lakini, mtu hatundikwi juu ya mizizi.

Ugomvi wa pili: huu umo au haumo? Mkoko unaweza kuwa na shina nje ya kamba na nusu ya miguu yake ndani. Tulikubaliana kuhesabu pale shina lenyewe linapoanzia juu ya mizizi. Likiwa juu ya kamba hasa, upande wa kaskazini umo, wa kusini haumo. Kanuni yoyote inafaa mradi iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Na unene? Mti wa kawaida hupimwa mzingo wake katika urefu wa mita 1.3 kutoka chini, kisha unagawanya kwa 3.14. Kwa mkoko hapo utakuwa umeikumbatia mizizi tu, hivyo tunapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho ndipo tunapima. Kuna kijana mrefu wa CBG ambaye leo amejulikana na kila mtu.

Giza la humu limewashangaza. Programu ya simu ya kupimia mwanga si kifaa cha maabara, lakini kwa kulinganisha inatosha: chini ya mkoko mwanga ulikuwa sehemu ndogo sana ya ule uliokuwa nje ya majani dakika hiyohiyo. Mbegu ndefu za mkoko, ambazo huota zikiwa bado juu ya mti mama, zimechomeka chini kila mahali. Miche ya mchu? Hakuna hata mmoja kwenye fremu za katikati, wakati tumeona mbegu zake bapa zikielea na kukwama mule mule. Wameliandika bila kuulizana sababu. Njaa ilikuwa imeshafika. Mihogo ya kukaanga na chachandu ilitusubiri nje.

Jumatano

Siku ndefu kuliko zote, na kwangu ndiyo iliyonoga.

Tumetoka kwenye mkoko tukaingia kwa msinzi michache yenye mizizi ya magoti, halafu mkandaa, mwingi, uliosongamana, mashina membamba yaliyonyooka. Wa pwani wanajua gome la mkandaa kwa rangi ya kahawia na kwa kutengenezea ngozi za wanyama. Udongo umebadilika: mguu hauzami tena hadi gotini. Ili tusiseme tu "umekuwa mgumu", tulijaza chupa robo udongo na robo tatu maji, tukatikisa kwa nguvu, tukaziacha. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini huchukua saa kadhaa, mfinyanzi unaendelea kuelea hadi kesho na zaidi. Unapima unene wa kila tabaka kwa rula. Ni kipimo cha bei rahisi na mimi nakiamini kuliko kusuguasugua udongo vidoleni.

Kisha ukaja mpira wa levo. Tuliuazima kwa fundi anayejenga uzio karibu na shule: mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, uliojazwa maji, bila kipovu cha hewa ndani. Maji hayakubali kuwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, basi ukiushika kwenye vijiti viwili vyenye alama za sentimita unapata tofauti ya mwinuko kati ya fundo na fundo. Mafundi wetu wanasawazisha misingi ya nyumba kwa njia hiyo kila siku. Tumerudi hadi kwenye mlilana na kupanda nao hatua kwa hatua, wawili wakishika, mmoja akisoma, mmoja akipiga kelele "kipovu!" kila mara.

Matokeo yalinifurahisha. Mstari wa mita 300 na ushei umepanda mita moja na nusu hivi tu. Kwa macho ardhi ni tambarare kabisa. Lakini kwa bahari, sentimita 20 ni jambo kubwa: ndizo zinazoamua kama maji yatafika mahali kila siku, au kwa bamvua tu, au mara chache kwa mwaka. Mwaka 1928 J. G. Watson, aliyefanya kazi ya misitu huko Malaya, aliigawa mikoko katika madaraja matano kwa kufuata ni mara ngapi maji huifikia, na hadi leo wanaosoma mikoko wanaanzia kwake. Sisi tulichomeka vijiti vilivyopakwa chaki kwenye kila fundo la tatu. Maji yakifika, chaki inaoshwa hadi pale yalipofika.

Chumvi kwenye mkandaa imepanda, karibu mara moja na nusu ya bahari. Darasa likashangilia: si tulisema! Na kaa. Kaa wa humu ni wengi kiasi kwamba ukikaa kimya unasikia kucha zikigonga mizizi. Tulimwona mmoja akiiburuta mbegu ya mchu hadi kwenye shimo lake. Binti wa daftari aliuliza kama hilo linaandikwa kwenye safu ya vitu visivyo hai. Haliandikwi huko, nikamwambia, lakini liandike mahali.

Alhamisi

Mvua imenyesha usiku na asubuhi, ya ghafla, masika yenyewe bado. Chumvi hatukupima, maji ya mvua yamelala juu ya udongo na kila shimo lingetudanganya. Tulihesabu miche tu, tukasoma vijiti vya chaki, tukarudi mapema. Vijiti viwili vya juu vilikuwa vimeoshwa na mvua badala ya bahari, kwa hiyo usomaji wake tumeutupa.

Ijumaa

Jua kali la Februari limerudi, na bahari leo inapwa mchana, mida ya saa saba. Haikutusumbua, huku juu hatuihitaji. Waliokwenda swala ya Ijumaa walitukuta tukiwa bado kwenye fundo la kwanza.

Nyuma ya mkandaa msitu umekatika ghafla kama ukuta. Mbele kuna uwanja mweupe, udongo mkavu wenye ganda la chumvi linalovunjika chini ya kiatu, na vichaka vya mchu visivyozidi kimo cha mtu, majani madogo, matawi yamejipinda. Mzee alikuwa sahihi neno kwa neno. Katikati yake kuna mimea minene ya kutambaa yenye majani yaliyojaa maji, na baada ya hapo hakuna kitu kabisa hadi kwenye nyasi za nchi kavu.

Shimo la hapa lilichukua muda mrefu kutoa maji. Rifraktomita ikasoma karibu mara mbili ya bahari. Kipimajoto kwenye udongo wa juu kilipita joto la hewa kwa nyuzi nyingi. Niliwaambia wageuze jani la mchu, walambe. Wakalamba, wakatema. Mchu una tezi za kutolea chumvi. Inatoka na maji, maji yanakauka, punje zinabaki juu ya jani.

Jirani na uwanja huu kuna mashamba ya chumvi, na mama mmoja alikuwa anakwangua kwa jembe la mbao. Baada ya shikamoo alitueleza kazi yake: wanasubiri bamvua, wanaingiza maji, wanaziba, wanaliachia jua. Nikawauliza vijana uwanja wa mchu unatofautianaje na shamba la mama huyu. Wakakaa kimya kidogo. Hautofautiani. Ni mchakato uleule, ila uwanja hauna mtu wa kuziba. Mwinuko ndio unaoziba. Kati ya mkandaa wa mwisho na mchu mfupi wa kwanza mpira wa levo ulionesha ardhi imepanda sentimita chache tu. Hizo chache zinatosha bahari isifike ila kwa bamvua kubwa, na katikati ya ziara zake jua linapata siku nyingi za kufanya kazi peke yake.

Waliobaki na nguvu walikwenda kuyaona magofu, msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, yamezungukwa na mibuyu. Mbuyu si mti wa kusimama ndani ya maji ya bahari. Mtu akitaka kujua nchi kavu inaanzia wapi Kunduchi, atazame mibuyu ya zamani iliposimama.

Jumamosi, maabara

Udongo umekaushwa kwenye oveni, nyuzi 105, ukapimwa kabla na baada. Chupa zimesomwa. Wameichora grafu ya kishada, ile inayonenepa pale mmea unapozidi na kukonda pale unapopungua, aina moja juu ya nyingine, na chini yake mistari ya mwinuko, chumvi, unyevu na mwanga.

Mlilana umenenepa mwanzoni ukaisha. Mkoko ukafuata, msinzi ukapita, mkandaa ukajaa. Mchu una vishada viwili, kimoja kila upande, katikati uzi mtupu.

Hapo "ni chumvi, mwalimu" ikakwama. Mmea mmoja umestawi penye chumvi ya bahari ya kawaida, ukatoweka penye chumvi ya wastani, ukaibuka tena penye chumvi mara mbili. Kama chumvi ndiyo mwamuzi pekee, haiwezi kuwa imeukataza katikati. Kijana mrefu alijaribu kusema mchu unapenda chumvi. Urefu wa miti ukamjibu: kule juu ni mibilikimo. Haupendi, unavumilia, na wenzake wanashindwa. Mikoko kwa jumla hukua vizuri zaidi penye maji ya chumvi kiasi kuliko penye chumvi kali, na mti unaolazimika kuisukuma chumvi nje usiku na mchana hubakiwa na nguvu kidogo ya kurefuka.

Basi nini kimeufukuza katikati? Wakaugeukia mstari wa mwanga, ambao tangu Jumanne hakuna aliyeujali. Miche ya mchu haivumilii kivuli kizito. Binti wa daftari naye akasoma maandishi yake ya pembeni kuhusu kaa. Mwaka 1987 Thomas Smith alichapisha matokeo kutoka Australia yaliyoonesha kwamba kaa wanaokula mbegu wanaweza kuamua ni mkoko gani utaota wapi, na mbegu za mchu zilikuwa miongoni mwa zilizoliwa zaidi. Kwa hiyo tuna washukiwa wawili, kivuli na kaa, na mmoja wao hayumo kabisa kwenye orodha ya vitu visivyo hai tuliyotoka nayo shuleni.

Niliwazuia wasiandike hitimisho. Mstari mmoja unaeleza mahali pamoja. Fundo la tatu na la nne ni majirani, haziwezi kuhesabiwa kama mashahidi wasiojuana. Na chumvi, unyevu, mwinuko na mwanga vyote vimepanda na kushuka pamoja, kwa hiyo grafu pekee haiwezi kuvitenganisha. Inabidi kuingilia: kufunga mbegu za mchu kwa uzi ili zisielee mbali, nyingine ndani ya vizimba vya wavu, nyingine wazi, kwenye kivuli cha mkandaa na kwenye uwazi ulioachwa na mti ulioanguka, halafu kurudi kuhesabu zilizobaki. Mwenzangu wa Jiografia ameahidi kutafuta wavu. Mistari mingine miwili, kulia na kushoto kwa huu wa sasa, tutailaza mwezi ukiwa mpevu, na barua ya kuomba kibali cha vizimba nimeshaianza.